Mpe Kitabu Mtu, Usiwape Watu

Mwana Kupona binti Msham alipotunga utendi wake mwaka 1858, hakuwa na "wasomaji" akilini. Alikuwa na binti mmoja, Mwana Hashima, na yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa, akihofu kumwacha mtoto huyo kabla ya kumfundisha yanayompasa mama kufundisha. Mjane huyo wa Bwana Mataka wa Siyu, kisiwani Pate, akamtungia binti yake beti mia moja na kitu. Yaliyofuata tunayajua. Wanawake wa Lamu waliunakili na kuuhifadhi, ukavuka hadi Mombasa, mwaka 1934 ukachapwa Uingereza, na leo husomwa na watu ambao mtunzi asingeweza hata kuwawazia. Wapo wanaoukubali, na wapo wanaoupinga, hasa kwa yale unayomwambia mke kuhusu mume. Hata hao wanaoupinga husoma barua ya mama kwa mwanawe.

Ninaanza naye kwa sababu nikiulizwa, "Nifanyeje wenzangu wasome vitabu ninavyovipenda?", jibu langu huwa hilo hilo. Acha kuwapendekezea watu, mpendekezee mtu. Orodha ya vitabu kumi bora vya Kiswahili, ikibandikwa ukutani au ikirushwa kwenye kundi la WhatsApp la jamaa, haimgusi yeyote kwa kuwa hakuna aliyeitwa kwa jina. Watu wataweka alama ya kidole gumba, watapita. Lakini mwendee fundi mmoja wa majahazi pale Matondoni, umwambie kwamba mtu wa kijiji hicho hicho, Ahmad Sheikh Nabhany, alitunga shairi refu juu ya jahazi, linavyoundwa na linavyosafiri, na kwamba lilichapwa mwaka 1979 kwa jina la Sambo ya Kiwandeo. Huna haja ya kumbembeleza. Atakuuliza kitabu kiko wapi, na huenda akakisoma kwa shabaha moja tu, kuona Nabhany kakosea wapi. Hiyo pia ni njia nzuri ya kusoma.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kuchagua kitabu. Ni kumsikiliza mtu. Keti barazani, au pale Mkunguni mbele ya Ngome jioni, usikie kila mmoja analalamikia nini na anacheka nini. Kijana aliyepata kibarua bandarini Kililana, ambako gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021, na ambaye kila siku mazungumzo yake ni ujira na saa za kazi, mpe Kuli ya Adam Shafi. Ni riwaya ya mwaka 1979 juu ya wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Hutahitaji kumweleza kwa nini umemchagulia. Msichana anayejua nyimbo za taarabu zote za harusini mpe Siku Njema ya Ken Walibora, ambamo mwana wa mwimbaji taarabu wa Tanga anafunga safari kumtafuta baba asiyemjua. Mvulana aliyetoka shuleni akiapa kwamba hatashika tena kitabu cha hadithi, mpe Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla. Kilitoka 1960 na bado kinakwenda mbio, kwa sababu kuna maiti, kuna siri, na kuna Bwana Msa na kiko chake. Usimwambie kwamba ni kitabu cha maana katika historia ya riwaya ya Kiswahili. Ukisema hivyo umemrudisha darasani.

Na yule msichana wa Pate au Faza anayesoma Kiingereza bila taabu, aliyekwisha kuvuka utoto? Yvonne Adhiambo Owuor aliandika The Dragonfly Sea, iliyotoka 2019, na imeanzia papo hapo kisiwani Pate, kwa mtoto aitwaye Ayaana na baharia mzee Muhidin anayegeuka kuwa baba yake kwa hiari ya wote wawili. Ni kitabu kinene, na kina mambo mazito ya watu wazima, basi kisome wewe kwanza kabla ya kumpa binti wa watu. Kwa maoni yangu kurasa za Pate zinazipita zile za ng'ambo kwa mbali. Mwambie hivyo tangu mwanzo, ili akichoka katikati asidhani kosa ni lake.

Hilo linanifikisha kwenye namna ya kukisema kitabu. Sifa tupu hukiua. Mtu akisikia "kizuri sana, lazima ukisome", anasikia deni. Mwambie kinachechemea wapi. Kusadikika cha Shaaban Robert, kwa mfano, huwashinda wengi kwa sababu ya hotuba zake ndefu za barazani. Usiyafiche hayo. Mwambie mwenzako kwamba mshtakiwa Karama anajitetea kwa kusimulia visa vya wajumbe sita, kila mmoja na upande wake: wanne pembe za dunia, mmoja mbinguni, mmoja ardhini. Kisha mshauri asome mjumbe mmoja kwa usiku mmoja, wala asijaribu kukimeza kitabu chote mara moja. Ushauri huo mdogo unasaidia kuliko kurudia kwamba Shaaban Robert ni gwiji, jambo ambalo amekwisha kulisikia tangu darasa la sita.

Wako wanaoogopa kusema lolote juu ya kisa wasije wakaharibu utamu wa mwisho. Kwa riwaya ya upelelezi, sawa, funga mdomo. Lakini hofu hii ni ngeni kwetu. Nani Lamu hajui kwamba Fumo Liyongo atauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni? Muhamadi Kijumwa alipoutunga utendi wake wa Liyongo mwaka 1913, wasikilizaji walikuwa wanaujua mwisho tangu utoto, na bado walikaa kitako kusikiliza namna utakavyofikiwa. Ukiona kwamba mwisho wa kisa ndio utakaomvuta mtu, mwambie mwisho.

Sasa sauti, ambayo ndiyo hasa ninayotaka kuikalia, kwa sababu hapo visiwa hivi vina utajiri ambao wenyewe tumeuzoea mno hata hatuuoni tena. Ingia msikiti wowote alasiri ya Ramadhani wakati wa darsa. Sheikh ana kitabu mbele yake, anasoma ibara, anaieleza, anasoma nyingine. Waliokaa mbele yake hawana nakala, na wala hawaihitaji. Kitabu kimoja kinasomwa na msikiti mzima, na wanawake majumbani wanakifuata kwa kipaza sauti. Tendi nazo zilikwenda hivyo hivyo: mwenye nakala alikuwa mmoja, wenye masikio walikuwa nyumba nzima. Halafu anakuja mtu anasema Lamu haisomi, kwa sababu tu hajaona watu wakikaa peke yao na kitabu kimya!

Mikono ikiwa kazini, masikio yako huru. Mwaka 1865 huko Havana, Kuba, wafanyakazi wa viwanda vya sigara walianza kumlipa mwenzao awasomee kwa sauti huku wao wakiviringisha tumbaku. Magazeti yalisomwa, na riwaya zikasomwa. Inasemekana ile ya Monte Cristo, ya Mfaransa Alexandre Dumas, iliwapendeza mno hata ikawa ndiyo asili ya jina la sigara za Montecristo. Wapate, ambao hulima tumbaku hadi ndani ya magofu ya mji wao wa kale, wanaweza kuliiga jambo hili bila gharama. Na si wao tu. Wanaoshona kofia, wanaosuka mikeka na majamvi, wanaoziba matundu ya nyavu, wote hukaa saa nyingi pamoja wakitaka cha kusikiliza. Atafutwe mmoja mwenye sauti nzuri na macho mazima, asamehewe kazi ya mkono kwa nusu saa, asome.

Kuna hila moja ninayoipenda hapa. Kama unataka kijana asome, usimpe kitabu. Mwombe akusomee. Mzee au mama anayeshona anamwita kijana wa nyumba ya pili: "Mwanangu, macho yangu hayaoni vyema saa hizi. Nisomee kurasa mbili tatu nikiendelea na kofia yangu." Adabu ya mji haimruhusu kukataa, na hakuna mtihani mwisho wake. Ikifika siku ya tatu, akikuta umekwenda matembezini, atakuwa amekaa kibarazani kwako anaendelea peke yake ili ajue kimetokea nini. Usimchekee ukimkuta. Jifanye hukuona.

Kwa usomaji wa pamoja chagua kitu kinachokaa ndani ya kikao. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ina beti zisizofika 80. Ikisomwa polepole, pamoja na kusimama hapa na pale watu watie neno, huisha kati ya isha na saa ya kulala. Utendi wa Mwana Kupona nao ni hivyo. Usianze na Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo, hata kama unajivunia kwamba uliandikwa Pate mwaka 1728: una zaidi ya beti 1,000, nao ni wa watu waliokwisha kuzoeana. Na Al-Inkishafi, mkiweza, msiishie kuusoma Lamu. Ulizeni maji kwanza, maana mkondo wa Mkanda hautaki papara, kisha pandeni boti hadi Mtangawanda na mwende mkausome Pate kwenyewe, kwenye kuta za majumba ya matajiri ambao mtunzi anauliza wako wapi. Vijana walioukuta shuleni kama kipande cha mtihani huutazama kwa macho mengine wakiwa wamesimama pale.

Tamthilia ndizo rahisi kuliko zote, na ajabu ni kwamba ndizo zinazosahauliwa. Kigogo ya Pauline Kea ilikuwa kitabu cha lazima cha sekondari kwa miaka kadhaa, kisha mtihani ukahamia kwenye vingine, na nakala zake zikabaki majumbani kote nchini pamoja na zile za riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Zikusanye. Mtu anayetaka kuanza duru ya wasomaji Lamu na hana senti, na aanze na nakala hizi ambazo hakuna anayezihitaji. Gawa wahusika wa Kigogo: huyu Majoka, huyu Tunu, huyu Sudi. Kila mmoja anasoma maneno ya mtu wake tu. Watu waliodhani hawawezi kusoma mbele za wenzao hugundua kwamba wanaweza, kwa sababu anayesema si wao, ni Majoka. Na soko la Sagamoyo, ambalo ndani ya tamthilia hiyo limefungwa kwa amri ya mkubwa, litawapa wauza samaki mazungumzo ya wiki nzima.

Neno juu ya mabibi zetu. Bibi asiyesoma herufi za Kizungu si lazima awe hajui kusoma. Wengi wa kizazi hicho walihitimu chuoni, wanasoma msahafu, na wakipewa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu huanza taratibu kisha wakachanganya. Utendi wa Mwana Kupona kwa asili yake uliandikwa kwa herufi hizo. Mtafute kijana anayejua hati zote mbili amwandikie bibi kurasa chache kwa herufi kubwa. Halafu kaa umsikilize, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa kwamba atakusahihisha: neno hili halitamkwi hivyo, ubeti huu mama yangu aliusoma kwa namna nyingine. Nabhany mwenyewe alilelewa na bibi yake, Amina Abubakar Sheikh, aliyekuwa malenga, na kwake ndiko alikoanza. Duru ya wasomaji isiyo na mzee hata mmoja inasoma nusu ya kitabu.

Wanaume na wanawake si lazima wakae pamoja. Kuna watu wanaokuja na mpango wa duru kutoka miji mingine, wakikuta baraza la wanaume nje na la wanawake ndani wanaona kwamba kazi imeshindikana. Haikushindikana. Kitabu kina miguu. Kisomwe barazani wiki hii, wiki ijayo mtoto akipeleke ndani, na kila upande utie alama ya penseli pale ulipobishana. Wanaume wakikipata tena wataona mistari iliyopigwa pembeni mwa Utengano ya Said Ahmed Mohamed, na watajua kwamba mambo ya Maimuna yalisomwa kwa jicho jingine. Kwa mabishano hayo ya penseli mtu huyapata maoni ya ndugu yake ambayo mezani asingeyasikia. Ila isiwe kalamu ya wino, na isiwe kitabu cha kuazima maktaba.

Penseli inanikumbusha Kijumwa tena. Mtu huyu wa Lamu, aliyefariki 1945, alikuwa mchonga milango, mwanamuziki, mtunzi na mwandishi wa nakala, mwenye hati ya kuvutia. Wazungu waliokuja kutafuta tendi, akina William Hichens na Ernst Dammann, walipata nakala nyingi kutoka mkononi mwake, na nyingine leo zimo kwenye maktaba za London na Hamburg. Na kabla yake Siyu ilikuwa mji wa wanachuoni na wanakili, wenye misahafu iliyopambwa kwa wino wa rangi. Kunakili kulikuwa ndiko kupendekeza: hukumpa mtu kitabu usichokuwa tayari kukiandika chote kwa mkono wako. Sisi tumeondolewa kazi hiyo, lakini si lazima tuiache yote. Chagua ukurasa mmoja, ule uliokufanya ufunge kitabu ukakaa kimya, uunakili kwa mkono kwenye karatasi na uutie ndani ya kitabu unachokiazima. Atakayekipokea atajua ulisimama wapi, na huenda akataka kujua kwa nini.

Simu nayo ina kazi yake, maana nusu ya jamaa zetu wako Mombasa, Jeddah au Maskati. Mashairi ya Ustadh Mahmoud Ahmad Abdulkadir, ambaye mji wote humwita Ustadh Mau, yalienea kwa kaseti tangu miaka ya 1970, miaka mingi kabla ya kukusanywa kwenye kitabu kikubwa kilichotoka 2023, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Wasiya wa Mabanati, wosia wake kwa wasichana wa mwaka 1974, uliwafikia watu wengi kwa kusikilizwa kuliko kwa kusomwa. Rekodi ya sauti ya WhatsApp ni mtoto wa kaseti hiyo. Soma ukurasa mmoja, usizidishe dakika tatu, utaje jina la kitabu na la mwandishi, umtumie mtu mmoja uliyemkusudia. Kinachokatazwa ni kumtumia kitabu kizima kilichopigwa picha cha mwandishi aliye hai, anayetegemea senti zake. Watu wazuri, wanaoswali safu ya mbele, hufanya hivyo bila kufikiri. Ukurasa mmoja kwa sauti yako unauza kitabu. Picha za kurasa mia mbili zinamnyima mwandishi haki yake.

Kupata vitabu ndiyo taabu kubwa ya visiwani, na siwezi kuipamba. Unachokitaka mara nyingi kiko Mombasa au Nairobi. Kitakuja kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti, na nauli ya kifurushi kimoja inaweza kukuudhi. Basi msiagize kimoja kimoja. Mchango wa kupokezana, ule wanaoujua akina mama wote, unafaa hapa bila kubadilishwa: watu wanane, kila mwezi kila mmoja anatoa kidogo, na fungu la mwezi linamnunulia mmoja wao kitabu akitakacho yeye. Yeye anakisoma kwanza, kisha kinazunguka. Baada ya miezi minane mna vitabu vinane, na kila kimoja kimechaguliwa na mtu ambaye atakitetea. Napendelea mpango huu kuliko kamati ya kuchagua vitabu. Kamati huchagua vile ambavyo hakuna anayevikataa, na hivyo huwa ni vile ambavyo hakuna anayevipenda. Mmoja wenu akichagua Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, na mwingine akachagua kitabu cha ufugaji wa kuku, vyote viwili vizunguke.

Msisahau pia kilicho karibu. Ngome ya Lamu, iliyokuwa gereza hadi 1984, ina maktaba ndani yake, na wako watu wa Langoni na Mkomani wanaopita mbele yake kila siku bila kuingia. Hati za kale za Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Saleh, zimepigwa picha chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza, nazo zinatazamika mtandaoni pasipo mtu kuzigusa. Kwa mwanafunzi wa chuo cha Riyadha, kumwonyesha kwenye simu hati ambayo walimu wa walimu wake waliisoma ni pendekezo lisilohitaji maelezo.

Kitabu kikishapatikana, adui yake ni unyevu na chumvi. Nyumba zetu za mawe na chokaa ni baridi na tamu kukaa, lakini kuta zake huvuta maji, na kitabu kilichoegemezwa ukutani wakati wa masika huota ukungu kabla ya mwenyewe kujua. Zidaka zinapendeza, ila weka nafasi ya kidole kati ya kitabu na ukuta, na kisimame wima, kisilale juu ya chenzake. Kaskazi ikiingia na hewa kukauka, vitoe vyote, uvipepee kivulini kwenye upepo. Jua kali hupinda jalada na kula gundi. Mfuko wa plastiki ni wa botini tu. Ukikifunga humo kitabu chenye unyevu na kukiweka kabatini, umekipikia ukungu wenyewe. Na kila mwezi tazama miguu ya kabati, maana mchwa hawabishi hodi.

Kuazimisha kunataka daftari. Najua kwamba kumwandika jirani kwenye daftari kunaonekana ni kumshuku, na ndiyo maana vitabu vingi vya mji huu viko kwenye nyumba ambazo si zake. Dawa ni kuliweka daftari wazi, na mwenyewe ajiandike: jina, kitabu, siku. Muda wa kurudisha uwe ule ambao watu wanauhesabu kweli. Ukisema tarehe kumi na nne, imesahauliwa. Ukisema kabla ya Maulidi, au kabla ya mfungo, inakumbukwa, kwa sababu siku hizo nyumba husafishwa na wageni huja, na kitabu cha watu kitaonekana. Aliyechelewa asiulizwe barazani mbele za watu. Mtume mtoto, amwambie kuna mwingine anakingoja.

Panga na miezi yako vilevile. Juni na Julai kusi likivuma, wavuvi wa vyombo vidogo hukaa nchi kavu siku nyingi, na hapo ndipo pa kuanza kitabu kirefu kwa sauti. Ramadhani waachie watu darsa zao. Duru ya riwaya ipumzike, irudi Mfungo Mosi. Mfungo Sita mji unajaa wageni wa Maulidi, hakuna atakayesoma, lakini wengi wa wageni hao wanatoka kwenye miji yenye maduka ya vitabu. Waandikie mapema wanachopaswa kuja nacho.

Mwisho, yule anayekurudishia kitabu na kusema hakikumpendeza. Wengi wetu hapo hukasirika kidogo, au huanza kumweleza alichokosa kukielewa. Mwulize swali moja tu: uliachia ukurasa wa ngapi? Mtu aliyeachia ukurasa wa tano hakukataa kitabu, alikataa mwanzo wake, na pengine ungemsomea wewe kurasa hizo za kwanza. Aliyeachia ukurasa wa mia na ishirini amekisoma, naye ana hoja, mkalishe uisikie. Andika namba hiyo kwenye daftari, kando ya jina la kitabu. Baada ya muda utaona kwamba watu wanne tofauti wameangushwa na sura ile ile, na anayefuata kukiazima utamwambia mapema airuke.